Hati ya Baharia na Ujira Wake

Mazungumzo kwa wasikilizaji wa Karagwe na Kyerwa

Leo nataka kuzungumza nanyi habari za baharia: jinsi anavyoandikwa kazi, jinsi ujira wake unavyolindwa na sheria, na jinsi unavyoweza kupotea asipoangalia.

Najua wako watakaouliza, "Sisi ni watu wa migomba na kahawa, tena wa milimani. Kutoka Kayanga hata pwani ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000. Habari za bahari zatuhusu nini?" Swali hilo ni la haki. Lakini angalieni: mto Kagera upitao mipakani mwenu huishia ziwani, kutoka Bukoba na Kemondo meli huvuka kwenda Mwanza, na kijana aliyeanza kwa kupakia mizigo gatini Bukoba aweza kufika Dar es Salaam, akasoma katika Chuo cha Bahari, kisha akajikuta katika meli ya shehena iendayo Bara Hindi au Ulaya. Tena mambo ya hati ya kazi yanamfaa kila mtu anayeondoka kwao kwenda kutafuta ujira mbali, awe wa majini au wa nchi kavu.

Kuandikwa kazi si jambo geni katika nchi yenu. Tangu miaka ya 1920 bati lilichimbwa Kyerwa, na watu wakaandikwa kazi migodini. Njia za Karagwe zilipitwa na maelfu ya watu kutoka Ruanda na Urundi waliokwenda Uganda kutafuta fedha. Katika Tanganyika ya siku zile, mtu wa kazi alipewa kipande chenye nafasi za siku 30. Kila siku aliyomaliza kazi yake, alama ilitiwa. Na mshahara haukulipwa mpaka siku 30 zitimie. Aliyekielewa kipande chake alijua lililo lake. Asiyekielewa aliamini neno la karani, na karani akikosea, kwa makusudi au bila kusudi, hakuwa na la kujibu.

Sasa baharia naye ni mtu wa kazi kama wengine, lakini yako mambo matatu yanayomtenga nao. Kwanza, hawezi kuondoka apendapo. Mtu wa shamba akidhulumiwa hufunga mzigo wake akaenda zake. Baharia aliye katikati ya bahari aende wapi? Pili, chakula chake, kitanda chake, na dawa yake akiugua, vyote viko mikononi mwa yule yule anayemlipa. Tatu, aghalabu hamjui tajiri wake. Mwenye meli aweza kukaa Ugiriki, bendera ya meli ikawa ya Panama, wakala aliyemwandika akawa Mombasa, na meli yenyewe ikawa inangoja shehena katika bandari ya nchi ya nne. Mshahara usipolipwa, atamdai nani, na mbele ya hakimu gani? Hapo ndipo mtu anapoona kwamba vitu viwili tu ndivyo vinavyomsaidia: hati aliyotia sahihi kabla ya kupanda, na meli yenyewe anayoikanyaga. Nitaeleza vyote viwili.

Sikilizeni kwanza kisa cha kale kilichohifadhiwa katika vitabu vya mahakama za Uingereza. Tarehe 31 Julai 1793, katika bandari ya Kingston, kisiwani Jamaica, nahodha wa meli iitwayo Governor Parry alimpa baharia mmoja, jina lake Cutter, karatasi fupi. Karatasi ilisema kwamba siku 10 baada ya meli kufika Liverpool atalipwa guinea 30, madhali amesafiri na kudumu katika kazi yake kutoka hapo hata bandari ya Liverpool. Ujira wa kawaida wa cheo chake ulikuwa pauni 4 kwa mwezi, na safari ilikuwa ya kama miezi miwili. Guinea 30, yaani pauni 31 na shilingi 10, zilikuwa karibu mara nne ya desturi.

Meli ikatweka tarehe 2 Agosti. Cutter akafanya kazi yake siku baada ya siku mpaka tarehe 20 Septemba, akafa baharini. Tarehe 9 Oktoba meli ikafika Liverpool salama. Mjane wake akaenda kudai. Hakudai guinea zote 30. Alitaka sehemu tu, malipo ya siku zile ambazo mumewe alifanya kazi. Mwaka 1795 mahakama ikatoa hukumu: hapati kitu. Kwa nini? Kwa sababu karatasi ilitaja malipo ya safari nzima, wala haikutaja malipo ya mwezi au ya siku. Na safari nzima marehemu hakuimaliza. Kazi ya siku 49 ikawa kama haikufanyika.

Wasikilizaji, msiseme mahakimu wale hawakuwa na huruma. Walisoma yaliyoandikwa. Kosa lilikuwa katika karatasi yenyewe, nayo ilikwisha kutiwa sahihi Kingston kabla nanga haijang'olewa. Ukubwa wa ujira ulimfurahisha Cutter, wala hakuuliza: je, nikiugua? Je, nikifa njiani, nyumbani kwangu watapata nini?

Siku zile ilikuwako pia kanuni nyingine ngumu. Ilisemwa kwamba nauli ya shehena ndiyo mama wa mshahara. Maana yake, meli ikizama na shehena isifike, mwenye meli hapati nauli, na baharia naye hapati mshahara, hata akiwa amefanya kazi mwaka mzima. Sheria ya meli ya Uingereza ya mwaka 1854 iliiondoa kanuni hiyo. Tena iliagiza kwamba mabaharia wa meli ziendazo nchi za nje watie sahihi mapatano mbele ya ofisa wa Serikali, naye ahakikishe kwamba yamesomwa na kuelezwa kwao kabla hawajatia sahihi. Sheria ya 1894 ikayadumisha hayo. Fahamuni basi kwamba hata watunga sheria waliona kuwa sahihi ya mtu asiyeelewa anachokitia sahihi haina haki ndani yake.

Nije kwenye kitu cha pili, yaani meli. Tangu zamani sheria za bahari zimempa baharia haki ambayo watu wengi wa kazi hawana. Deni la mshahara wake haliko juu ya tajiri peke yake. Limeishikamania meli kama kupe na ng'ombe. Ng'ombe akiuzwa, kupe huenda naye. Vivyo hivyo meli ikiuzwa kwa mtu mwingine, deni la mabaharia huifuata. Wakienda kwa hakimu wa bandari meli ilipo, hakimu aweza kuizuia isiondoke. Na deni lisipolipwa, aweza kuamuru iuzwe. Katika fedha za mauzo, mishahara ya mabaharia huwekwa mbele ya deni la benki iliyomkopesha mwenye meli. Kwetu Tanzania mashauri ya namna hii husikilizwa na Mahakama Kuu. Kwa hiyo mwenye meli akijificha, meli haijifichi. Lakini hata hakimu atauliza swali moja: "Mshahara wako ni kiasi gani, na nani aliahidi?" Jibu lake limo katika hati.

Je, hati njema iwe na nini ndani yake? Tarehe 23 Februari 2006, mjini Geneva, Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba wa Kazi za Baharini. Ulianza kutumika tarehe 20 Agosti 2013. Kenya iliuridhia mwaka 2014, na Tanzania mwaka 2019. Mkataba huo umeeleza mambo haya waziwazi, nami nitayataja moja moja ili walio na kalamu wayaandike.

Hati iandikwe jina la baharia, tarehe aliyozaliwa au umri wake, na mahali alipozaliwa. Iandikwe jina la mwenye meli na anwani yake. Jina la wakala peke yake halitoshi. Iandikwe mahali na siku ya mapatano; kazi atakayofanya; kiasi cha mshahara, au njia ya kuuhesabu; siku za likizo yenye malipo; jinsi mapatano yanavyokoma; matibabu; na haki ya kurudishwa kwao kwa gharama ya mwenye meli. Taarifa ya kuvunja mapatano isipungue siku 7. Pande zote mbili zitie sahihi, na kila upande ubaki na hati yake yenye sahihi. Na neno hili lishikeni sana: kabla ya kutia sahihi, baharia apewe nafasi ya kuisoma hati na kutafuta shauri kwa mtu mwingine. Anayesema, "Tia sahihi upesi, gari linaondoka," amekwisha kuivunja sheria.

Mshahara ulipwe angalau mara moja kila mwezi, pamoja na karatasi inayoonyesha hesabu yake: kilicholipwa, kilichokatwa, na fedha zilibadilishwa kwa bei gani. Tena baharia awekewe njia ya kupeleka sehemu ya mshahara wake nyumbani. Hili lawahusu ninyi wazazi na wake mliobaki Kaisho au Omurushaka. Ulizeni mapema ni kiasi gani kitaletwa, kwa njia gani, na kila lini, ili kimya cha miezi miwili kisidhaniwe kuwa ni usahaulifu wa mtoto, kumbe ni deni la mwenye meli.

Maana miezi miwili ina uzito katika sheria. Tangu tarehe 18 Januari 2017, mwenye meli aliyekaa miezi miwili bila kuwalipa mabaharia na kukata uhusiano nao huhesabiwa kuwa amewatelekeza. Kwa ajili hiyo meli zilizo chini ya Mkataba hupaswa kuwa na dhamana ya fedha, na cheti chake hubandikwa melini mahali pa wazi. Dhamana hiyo hulipa mishahara iliyobaki mpaka miezi minne, chakula na mahitaji, na safari ya kurudi kwao. Iko dhamana pia ya fidia ya kifo na ya ulemavu wa kudumu. Na kwa kuwa bahari ya Somalia ilisumbuliwa sana na maharamia, hasa kati ya 2008 na 2012, yalifanywa marekebisho yaliyoanza tarehe 26 Desemba 2020: baharia akitekwa, mshahara wake uendelee mpaka aachiliwe. Linganisheni hayo na mjane wa Cutter, mtaona njia iliyotembewa.

Liko jambo moja dogo linalostahili kutajwa. Baharia akimaliza kazi hupewa maandishi ya utumishi wake. Humo haliruhusiwi kuandikwa neno la sifa au lawama, wala kiasi cha mshahara. Wanaojua habari za kipande cha Kenya, kile kilichovaliwa shingoni katika kikasha cha chuma, wataelewa sababu. Katika kipande kile tajiri mpya aliweza kusoma mshahara wa zamani wa mtu, akampimia kwa kipimo hicho hicho.

Sasa nije kwenye hatari iliyo karibu zaidi na milango yenu. Tuseme yuko kijana wa Nkwenda aliyesoma hata akapata vyeti vyake. Anakuja mtu aliyevaa vizuri, anamwambia baba yake, "Mzee, nafasi ya melini iko, lakini lazima ilipwe leo. Hati atapewa akifika." Baba anatazama kahawa iliyo mitini, haijaiva bado. Anaiuza butura, kwa bei ya chini kabisa, apate fedha za kumpa yule mtu. Ninyi mnajua kuliko mimi maumivu ya butura: jasho la msimu mzima huliwa kabla ya mavuno. Na hapa butura ni mbili, kwani kahawa imeuzwa ikiwa changa, na mshahara wa mtoto umetumika kabla hajaufanyia kazi.

Baba huyo angejibu hivi: "Bwana, tunashukuru kwa habari zako. Tuonyeshe kwanza leseni yako, kisha tuachie hati tuisome." Maana Mkataba unakataza kabisa baharia kutozwa fedha kwa kutafutiwa au kupewa kazi. Anayoweza kulipa mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Gharama nyingine ni za mwenye meli. Tanzania Bara jambo hili lasimamiwa na Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, yaani TASAC; Zanzibar, na Mamlaka ya Usafiri Baharini. Ofisi hizo ndizo za kuulizwa kama wakala ana ruhusa. Wakala wa kweli haogopi kuulizwa.

Yanipasa pia kusema mahali ambapo Mkataba huo haufiki, nisije nikawapa tumaini lisilo na msingi. Hauzihusu meli zinazotembea katika maji ya ndani peke yake, kama zile za Bukoba na Mwanza. Hauzihusu vyombo vya uvuvi. Hauyahusu majahazi na vyombo vingine vya asili. Basi aliye katika meli ya ziwani atazame sheria za nchi: Sheria ya Meli za Biashara ya 2003, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Sheria hii ya pili humtaka tajiri ampe mtu wa kazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi. Tena imesema kwamba likizuka shauri, na tajiri akashindwa kuleta maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha mapatano yalikuwaje ni wa tajiri, si wa mtu wa kazi.

Mgogoro wa kazi hupelekwa kwanza katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Aliyeachishwa kazi kwa dhuluma apeleke shauri lake ndani ya siku 30. Migogoro mingine, kama ya mshahara, ndani ya siku 60. Siku hizo hupita upesi kwa mtu anayengoja ahadi ya "njoo wiki ijayo." Ngojeni, lakini hesabuni siku.

Na wavuvi wa ziwani, ambao wengi hugawana mapato badala ya kulipwa mshahara, nao waandikiane: mafuta hutolewa kwanza au baadaye? Nyavu zikipotea ni hasara ya nani? Fungu la kila mtu ni lipi? Ukurasa mmoja wa daftari la shule, wenye sahihi za wote na za mashahidi wawili, umezuia ugomvi mwingi.

Kabla ya kumaliza nitawapa kisa kimoja cha siku zetu, kinachoonyesha nguvu ya sahihi. Mwezi Julai 2017 meli iitwayo Aman ilizuiwa Adabiya, nchini Misri, kwa kuwa vyeti vyake vilikuwa vimepitwa na wakati, na wenyewe hawakuwa na fedha. Nahodha alikuwa pwani. Mahakama ya pale ikamfanya ofisa mmoja wa meli, kijana wa Syria, kuwa mlinzi wa meli kwa sheria, naye akatia sahihi. Baadaye alieleza kwamba hakuelezwa maana ya amri ile. Maana yake ilikuwa kwamba haruhusiwi kuondoka. Wenzake wakarudi makwao mmoja mmoja. Tangu 2019 akabaki peke yake katika meli isiyo na taa. Dhoruba ya Machi 2020 iliisogeza meli karibu na ufuko, naye akawa akiogelea kwenda pwani kununua chakula na kutia umeme simu yake. Aliachiliwa Aprili 2021, baada ya Shirikisho la Kimataifa la Wafanyakazi wa Usafirishaji kusaidia na mtu wake wa pale Misri kukubali kushika nafasi yake. Karibu miaka minne ya ujana wake ilifungwa na sahihi moja.

Wasikilizaji wapenzi, kijana wenu akiitwa kazini majini, msimzuie. Kazi ya bahari ni kazi ya heshima, nayo imewalisha watu wa pwani yetu tangu zamani. Lakini msimwache aende mikono mitupu. Hati isomwe nyumbani kwa sauti, neno kwa neno. Na kama imeandikwa kwa lugha msiyoijua, mwalimu wa shule aitwe aieleze. Nakala moja aende nayo, nyingine ibaki sandukuni kwa mama yake. Jina la meli, jina la mwenye meli na anwani yake viandikwe mahali ambapo hata mdogo wake aweza kuvipata. Kila mwezi aandike katika kidaftari chake alichopokea na asichopokea. Kikitokea kilio, kidaftari hicho kitasema hata kama mwenyewe yuko mbali.

Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mali ya baharia ni nguvu zake na siku zake. Ziandikwe.

Kwaherini, na Mungu awajalie wasafiri wenu kurudi salama.